Biashara Yako Inaweza Kukaa Siku Ngapi Bila Kuuza?

Mwenye duka akisikia neno "janga", mara nyingi anawaza maji yakiingia dukani au moto ukila vibanda usiku. Hayo yapo, na yanauma. Lakini biashara nyingi ndogo huku kwetu zinaangushwa na kitu kimya zaidi: siku kumi, ishirini au mia moja ambazo mlango uko wazi, bidhaa ziko kwenye rafu, na mteja hayupo.

Katika somo hili tutaangalia:

- misukosuko ya aina nne inayoweza kusimamisha biashara yako
- kwa nini jirani mwema hawezi kukuokoa kila mara
- jinsi ya kuhesabu siku ambazo biashara yako inaweza kuvumilia
- namna ya kutumia simu yako kujipanga kabla, si baada
- mambo ya kufanya, na matapeli wa kuepuka, siku shida ikifika

Tumechukua mifano mingi kutoka Lugulu na njia nzima ya Webuye kwenda Kitale, lakini hesabu ni ile ile hata ukiwa Kisii au Kwale.

Maji hayakufika, lakini mauzo yalisombwa

Tuanze na jambo ambalo wafanyabiashara wa karibu na shule wanalikumbuka vizuri. Mwaka 2024, muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili. Mvua ya masika ikawa kubwa kupita kiasi. Karibu watu 300 walifariki nchini katika msimu ule, na alfajiri ya tarehe 29 Aprili yenyewe, maji yalishuka kwa ghafla huko Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Serikali ikasogeza kufunguliwa kwa shule hadi tarehe 6 Mei, kisha ikaahirisha tena. Wanafunzi walirudi tarehe 13 Mei.

Sasa fikiria anayeuza sabuni, madaftari, mikate na sukari karibu na shule ya bweni kama Lugulu Girls. Mai Mahiu ni mbali sana na Lugulu. Hata kama hakuna tone lililoingia dukani mwake, alikuwa amejaza bidhaa za wiki ya kufungua shule, pengine kwa mkopo, na wiki hiyo ikasogea siku 14. Mikate haingoji, na mkopo pia haungoji.

Mwaka 2020 ilikuwa mbaya zaidi. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wote wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni zaidi ya miezi tisa. Mwenye kumtegemea mwanafunzi peke yake alikuwa na kazi ya kuokota maharagwe shambani, si ya duka.

Funzo la kwanza ndilo hilo: hatari ya biashara yako haiko pale duka lilipo tu. Iko pia pale mteja wako anapotoka, pale mzigo wako unapotoka, na njiani katikati.

Aina nne za misukosuko

Hebu chukua kalamu. Unaposoma kila aina, andika moja inayoweza kukugusa wewe.

*1. Inayoharibu mali.* Moto, mafuriko, maporomoko, mvua ya mawe, radi, wizi. Aprili 2020, maporomoko yalisomba kituo cha biashara cha Chesogon, kwenye mpaka wa Pokot Magharibi na Elgeyo-Marakwet, maduka na yote. Ng'ambo ya Mlima Elgon, upande wa Uganda, Oktoba 2018 mto ulishuka na mawe na matope ukapita katikati ya kituo cha Bukalasi, wilaya ya Bududa. Na Nairobi, soko la Gikomba limeungua mara nyingi hata wafanyabiashara wamechoka kuhesabu. Juni 2018 moto huo uliua watu 15.

*2. Inayofunga njia.* Mali yako iko salama, lakini gari halifiki. Tarehe 23 Novemba 2019, maporomoko ya Pokot Magharibi yaliua watu zaidi ya 40, na barabara na madaraja yakakatika. Mfanyabiashara wa Kitale anayepeleka unga na mboga upande wa Ortum na Lodwar hakuwa na tone la matope kwenye stoo yake, lakini mzigo ulikuwa hauendi. Maandamano, uchaguzi wenye fujo na kafyu viko hapa pia. Kafyu ya 2020, ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi, ilimaliza kabisa biashara ya chipsi za usiku.

*3. Inayokausha wateja.* Mteja yupo, lakini hana pesa. Hapo Webuye wanajua hii kwa undani. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilikuwa kimebeba mji ule tangu miaka ya sabini. Kilipofungwa mwanzoni mwa 2009, si wafanyakazi tu waliopata shida. Mwenye nyumba za kukodisha, mwenye hoteli, muuza mitumba, mama mboga, wote walikuwa wanakula mshahara ule ule bila kujua. Kiwanda kufungwa si mafuriko, lakini kwa mwenye duka matokeo yanafanana sana.

*4. Inayozima mitambo.* Stima ikipotea, mtandao ukikatika, simu ikiibwa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani mpaka siku iliyofuata. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikawa goigoi Afrika Mashariki yote. Kama friza, mashine ya kusaga na malipo vyote vinategemea waya mmoja, waya huo ukikatika umefunga.

Umeona? Katika aina nne, ni moja tu ambayo mali inaharibika. Zile tatu zingine zinaacha duka limesimama na kuua mauzo. Ndiyo maana swali la kujiuliza si "mafuriko yatafika kwangu?" Swali ni: chochote kikitokea, naweza kukaa siku ngapi bila kuuza?

Kwa nini jirani hawezi kukuokoa kila mara

Huku kwetu bima ya kwanza ni watu. Ukifiwa, ukiugua, ukiunguliwa, majirani wanachanga. Chama kinasaidia. Hii ni mali kubwa, usiidharau.

Lakini ina udhaifu mmoja. Inafanya kazi vizuri shida ikimpata mtu mmoja. Ikiwapata wote kwa pamoja, hakuna wa kumsaidia mwingine. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, Bungoma na Busia. Mwenye duka aliyekuwa ameuza kwa deni kwa maneno ya "nitakulipa nikivuna" alijikuta na wadeni thelathini walioharibikiwa mwezi mmoja. Wanachama wenzake nao walikuwa na shamba lile lile, wadudu wale wale. Chama kilikuwa na watu wengi lakini hatari ilikuwa moja.

Hapo ndipo mtu aliye mbali anakuwa na thamani. Ndugu aliye Mombasa, mtoto wa dada anayefanya kazi Nairobi, shemeji aliye Doha: mvua ya Lugulu haimnyeshei yeye.

Hili si dhana tu. Watafiti wawili, William Jack na Tavneet Suri, walifuatilia familia za Kenya katika miaka ya kwanza ya M-Pesa, ambayo ilianza Machi 2007. Walichapisha matokeo mwaka 2014. Familia zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na pigo, kama ugonjwa au mavuno kuharibika, matumizi yao yalishuka kwa karibu asilimia 7. Kwa familia zilizoitumia, matumizi hayakushuka kwa kiasi cha kuonekana. Sababu kubwa ilikuwa kwamba walipokea pesa kutoka kwa watu wengi zaidi, na wa mbali zaidi.

Kuna mfano mwingine kutoka Rwanda. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga eneo la Ziwa Kivu. Wakati huo pesa kwa simu haikuwa imeanza kule, lakini watu walikuwa wanaweza kutumiana salio la simu. Watafiti walipochunguza, waliona salio lilitumwa kwa walioathirika. Kiasi kilikuwa kidogo. Na jambo la kutia maanani ni hili: waliopata zaidi ni wale waliokuwa na mazoea ya kutumiana na wenzao kabla ya tetemeko. Haikuwa sadaka tu. Ilikuwa nipe nikupe.

Kwa hiyo usimpigie ndugu wa mbali siku ya shida tu. Akifiwa, tuma hata mia mbili. Mtoto wake akifaulu, piga simu. Mkono mtupu haulambwi.

Hesabu ya siku: fanya pamoja nasi

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Chukua mfano wa mama mwenye duka dogo karibu na lango la shule. Huu ni mfano wa kujifunzia, weka nambari zako mwenyewe mahali pa zake.

Kwanza, andika gharama ambazo haziachi kukimbia hata ukifunga. Zigeuze zote ziwe za siku moja:

- Kodi ya duka: 3,000 kwa mwezi, yaani 100 kwa siku
- Marejesho ya mkopo: 1,400 kwa wiki, yaani 200 kwa siku
- Msaidizi wa duka: 150 kwa siku
- Chama: 350 kwa wiki, yaani 50 kwa siku
- Chakula cha nyumbani: 350 kwa siku

Jumla: shilingi 850 kwa siku.

Wengi wanasahau chakula cha nyumbani. Wanasema hiyo si ya biashara. Lakini kama chakula kinatoka kwenye droo ya duka, duka likifungwa bado mtakula, na mtakula mtaji.

Pili, hesabu pesa ulizonazo ambazo si za bidhaa na si za mtu mwingine. Tuseme mama huyu ana 6,800.

Gawanya: 6,800 kwa 850 ni siku 8.

Mama huyu anaweza kukaa siku 8. Shule zilipochelewa mwaka 2024, zilichelewa siku 14. Siku 14 mara 850 ni 11,900. Alipungukiwa na 5,100. Kuanzia siku ya tisa, kila mlo ulikuwa unatoka kwenye pesa za kununua mzigo. Shule ilipofunguliwa, wateja walirudi na kukuta rafu nusu tupu. Hivyo ndivyo duka linavyokufa baada ya shida kuisha.

Tatu, tafuta namna ya kuziba pengo. Shilingi 5,100 zinaonekana nyingi. Lakini akiweka 70 kila siku ya kazi, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 13, anapata 5,460. Hiyo ni muhula mmoja tu. Shilingi 70 ni faida ya vitu vichache.

Weka lengo kwa ngazi. Ukiwa na siku 3, tafuta 7. Ukiwa na 7, tafuta 14. Ukifika 30, umewapita wengi.

Hatua saba za kujipanga kwa simu yako

Moja: tenga pesa ya duka na ya nyumbani. Ukipokea malipo kwa laini yako ya kawaida, pesa ya unga, ya karo na ya mzigo zinalala kitanda kimoja. Tumia nambari ya malipo ya biashara, ile ya Till au nyingine inayofanana. Jilipe mshahara mdogo kila jioni kutoka kule. Hapo utajua kama duka linakulisha au wewe ndiye unayelilisha.

Mbili: akiba ya siku iwe mahali pa kusumbua kidogo. Pesa ikiwa kwenye salio la kawaida, itaondoka. Iweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, ile unayoweza kuifunga kwa muda, au SACCO. Lakini usiifunge yote. Sehemu ya siku tatu iwe karibu, kwa sababu dharura haitoi notisi.

Tatu: usiweke kila kitu chini ya paa moja. Pesa taslimu kwenye kopo, daftari la madeni, kibali cha kaunti, risiti za mzigo, vyote dukani. Moto ukija, umechukua mpaka ushahidi kwamba ulikuwa na biashara. Kila Jumapili, piga picha ukurasa wa madeni, kibali, na rafu zako zilivyojaa. Mtumie mtu mmoja unayemwamini, au ujitumie kwa barua pepe. Dakika tano tu. Ukidai bima, ukiomba mkopo wa kuanza upya, au ukiorodheshwa kwa msaada, picha hizo zitaongea.

Na kumbuka: pesa yako haikai ndani ya simu. Simu ikiungua au ikisombwa, pesa bado iko kwenye akaunti yako. Unachohitaji ni kitambulisho na kwenda kubadilisha laini. Pia unaweza kuomba taarifa ya miamala ya miezi iliyopita. Taarifa hiyo ni daftari ambalo mafuriko hayawezi kulilowesha. Mwenye kupokea malipo kwa simu ana rekodi nzuri kuliko mwenye kupokea taslimu tu.

Nne: weka kikomo cha madeni. Kukopesha mteja ni lazima, hilo tunaelewa. Lakini wadeni wako wasiwe wote wanategemea kitu kimoja. Ishirini wanaongoja mahindi ni hatari moja, si ishirini. Changanya: mwalimu, mwenye boda boda, mfanyakazi wa hospitali, mkulima. Na mkulima alipe kidogo kidogo, hata hamsini kwa wiki, badala ya kungoja mavuno.

Tano: jua msambazaji wa pili. Kama mzigo wako wote unatoka Bungoma mjini, jua bei za Kitale pia. Kama unatoka Kitale, jua mtu Webuye. Huhitaji kununua kwake kila wiki. Nunua mara moja moja ili siku daraja likikatika, asikuone mgeni.

Sita: jiandae stima na mtandao zikipotea. Chaji betri ya akiba ya simu kila usiku. Intaneti ikikatika na apu ikikataa kufunguka, menyu ya laini na zile nambari fupi za kuanza na nyota hazihitaji bando. Zijue kwa kichwa. Weka chenji kidogo ya taslimu. Na mtandao ukiwa goigoi, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa SMS kwenye simu ya mteja. Ngoja ujumbe wako mwenyewe, au angalia salio.

Saba: fikiria bima, lakini uliza maswali. Bungoma ilikuwa kati ya kaunti tatu za kwanza, pamoja na Embu na Nakuru, ambako serikali ilianzisha mpango wa bima ya mazao mwaka 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2009, mpango wa Kilimo Salama ulianza kwa majaribio na wakulima wachache, na malipo yakapitia M-Pesa. Kwa hiyo bima ya mtu mdogo si ndoto. Ila kuna jambo la kuelewa: nyingi za bima hizi zinapima mvua au mavuno ya eneo zima. Eneo likiwa sawa na shamba lako peke yake likaharibika, huenda usilipwe. Si wizi, ni jinsi ilivyotengenezwa. Wewe jua mapema.

Kwa duka, uliza maneno haya kabla ya kulipa: Moto umo? Mafuriko yamo? Wizi umo? Fujo za kisiasa zimo, au ni bima ya kando? Kwa kawaida fujo za kisiasa huwa kando, na wengi hujua hilo wakati rafu tayari zimebebwa.

Kama wewe ni ajenti

Shida ikifika, ajenti ndiye mtu wa kwanza kutafutwa. Pesa kutoka kwa ndugu wa mbali haina kazi kama hakuna wa kuitoa. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, miji mingi ilifungwa, na watu walitumia huduma ile changa kuwafikia jamaa waliokwama. Katika siku kama hizo kila mtu anataka kutoa, hakuna anayeweka. Taslimu inaisha, floti inajaa.

Mvua kubwa ikitabiriwa, au uchaguzi ukikaribia, ongeza taslimu mapema, lakini usilale nayo yote dukani. Patana na ajenti mwenzako wa kituo kingine, mfano Misikhu na Lugulu, muwe mnabadilishana taslimu na floti. Taslimu ikiwa haitoshi, ni heri kuwapa watu wengi kidogo kidogo kuliko mmoja akatoa yote. Na usipandishe ada kinyume cha bei zilizowekwa. Mteja husahau mvua, lakini hasahau aliyemlangua siku ya mvua.

Siku shida ikifika

Uhai kwanza. Usirudi kuchukua droo kwenye maji au moto. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana kwa 1199 bila malipo, na polisi kwa 999 au 112.

Ukishakuwa salama, fanya haya ndani ya saa 24:

1. Piga picha za hasara kabla ya kusafisha.
2. Mwambie unayemdai na anayekudai. Usijifiche. Ujumbe mfupi wenye heshima unatosha, kwa mfano: *"Habari ya asubuhi mzee. Maji yameingia dukani usiku, mzigo wa sukari umeharibika. Ile elfu tatu ya Ijumaa sitaweza yote. Naomba nikutumie mia tano kila wiki kuanzia Jumatatu. Asante kwa kunielewa."* Mwenye kutaja kiasi na siku anaaminika kuliko mwenye kuzima simu.
3. Punguza gharama za siku. Rudi kwenye ile 850 na uulize ipi inaweza kusimama. Chama kinaweza kukupa nafasi ya wiki mbili? Msaidizi anaweza kuja siku tatu?
4. Uza kinachotakiwa sasa. Shule zikifungwa, mwanafunzi yuko nyumbani na bado anakula. Sogeza mkate na maziwa kijijini kwa boda boda, mteja alipe kwa simu.
5. Kuwa mwangalifu na mkopo wa haraka wa simu. Ukikopa kununua bidhaa itakayouzwa wiki hii, mkopo utajilipa. Ukikopa kula huku duka limefungwa, unahamisha shida kwenda mwezi ujao na kuiongezea ada.

Matapeli nao wana msimu wao

Baada ya kila janga kuna ujumbe wa aina hii: "Umechaguliwa kupokea msaada wa mafuriko, tuma 350 ya usajili." Au mtu anapiga akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu, anataka nambari yako ya siri "akurudishie akaunti". Kumbuka mambo matatu:

- Msaada wa kweli hauombi utume pesa kwanza.
- Hakuna mfanyakazi wetu, wala wa kampuni nyingine yoyote ya halali, atakayekuuliza PIN.
- Ukichangia walioathirika, hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ni la shirika lenyewe. Jina la mtu binafsi usilolijua ni sababu ya kusimama.

Zoezi la jioni ya leo

Usifunge ukurasa huu bila kufanya jambo. Andika kwenye karatasi:

1. Gharama zangu za siku zisizosimama ni shilingi ______.
2. Akiba yangu isiyo ya mzigo ni shilingi ______.
3. Namba mbili gawanya kwa namba moja: naweza kukaa siku ______.
4. Kitu kimoja ambacho kikisimama, wateja wangu wengi wanasimama nacho ni ______.
5. Nikiweka shilingi ______ kwa siku, baada ya wiki 13 nitaongeza siku ______.
6. Watu watatu walio mbali na eneo langu ambao tunajuliana hali ni ______, ______ na ______.

Kama jibu la swali la tatu ni siku 2 au 3, usife moyo. Ndivyo wengi tulivyo. Anza na pesa ya kesho asubuhi: kabla ya kununua mzigo, tenga ile ya akiba, hata kama ni shilingi 20. Kisha mwezi ujao, siku ya kulipa kodi, toa karatasi hii uhesabu tena.